Ngoma Iko London, Chombo Kiko Jikoni: Makumbusho ya Tana River Yaanzie Wapi?

Anayetoka Nairobi kwenda Garissa kwa njia ya Thika na Mwingi hupita Bangale bila kupunguza mwendo, isipokuwa dereva awe na hamu ya chai au abiria awe na haja ya maziwa ya ngamia. Mimi nimezaliwa katika mji huo mdogo wa Kaunti ya Tana River, na kwa miaka mingi sikuwahi kuwaza kwamba ungeweza kuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni. Shuleni nilijifunza kuwa makumbusho ni majumba yaliyoko Nairobi, Mombasa na Lamu; mahali ambapo watu wenye historia huiweka historia yao. Sisi tulikuwa na mifugo, vumbi na barabara.

Ni desturi ya wasafiri wa zama hizi kuujua mji kwa kupitia majumba yake ya makumbusho. Afikaye Madrid, mji mkuu wa Uhispania, huelekezwa kwanza Prado, jumba lililofunguliwa mwaka 1819, kisha Reina Sofía, na akitoka huko huamini kwamba amewajua Wahispania. Afikaye Mombasa hupelekwa Ngome ya Yesu. (Kwa bahati, ngome hiyo nayo ina mkono wa Uhispania ndani yake: Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 wakati ambapo mfalme wao alikuwa Felipe wa Pili, ambaye ndiye aliyekuwa mfalme wa Uhispania pia.) Basi swali langu katika makala haya ni hili: mgeni akitaka kuwajua watu wa Tana River kwa njia hiyo hiyo, aanzie wapi? Nami naongeza la pili, ambalo kwangu ndilo lenye uzito zaidi. Mtoto wa Tana River mwenyewe aanzie wapi?

Swali hili lilinijia Lamu, tulipozuru mji huo pamoja na wanachama wenzangu. Yeyote aliyefika huko atakubaliana nami kwamba Lamu imejaliwa. Ipo ngome iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1820, ambayo kuanzia mwaka 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza na sasa ni mahali pa maonyesho na maktaba. Yapo Makumbusho ya Lamu yenyewe, katika jumba la ufuoni ambalo zamani lilikuwa makazi ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Na miongoni mwa vitu mashuhuri zaidi vya makumbusho hayo ni siwa mbili, ile ya pembe ya ndovu iliyotoka Pate na ile ya shaba ya Lamu. Wanafunzi wa Kiswahili tunazijua siwa kutokana na vitabu vya fasihi na historia. Ni baragumu za enzi, ambazo hazikupulizwa na kila mtu wala kwa kila jambo. Tulisimama mbele yake kwa kitambo. Mwenzangu mmoja, mzawa wa upande wa Garsen, akaninong'oneza, "Na sisi yetu iko wapi?"

Nilidhani anatania. Hakuwa akitania. Alikuwa akizungumza juu ya ngadji.

Ngadji ni ngoma kuu ya Wapokomo, watu wa kilimo na uvuvi wanaoishi kandokando ya Mto Tana. Haikuwa ngoma ya arusi wala ya ngojera. Ilikuwa ngoma takatifu, alama ya mamlaka ya watawala wa jadi na baraza la wazee, iliyohifadhiwa mahali pa siri na kuonwa na wateule wachache tu. Wengi waliijua kwa mlio wake. Mwaka 1902 maofisa wa kikoloni wa Kiingereza waliitwaa, na mwaka 1908 ikaingia katika British Museum jijini London. Imekaa huko kwa zaidi ya karne moja, na muda huo imekuwa ghalani, wala si katika kumbi wanazopita watazamaji. Mwaka 2016 kiongozi wa kimila wa Wapokomo, Makorani Mungase, alifika London akaiona. Hebu mpenzi msomaji alitafakari hilo: mtu anavuka bahari ili akitazame kitu cha baba zake, kisha anaaga na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Pembe ya Pate ilibaki pwani. Ngoma ya Tana ikaenda zake. Sioni tofauti ya thamani kati ya vitu hivi viwili. Vyote ni sauti za utawala, na vyote vilifanya kazi moja ya kuwaambia watu kwamba neno linalotamkwa sasa si la mtu mmoja. Lakini kwa kuwa siwa imebaki, kila mtoto wa Lamu hupelekwa na mwalimu wake kuitazama, na kwa kuwa ngadji imeondoka, mwenzangu wa Garsen aliifahamu kwa kusimuliwa na babu, ambaye naye alisimuliwa.

Wapo watakaosema kwamba Waingereza hawana hiari. Ni kweli kwamba sheria yao ya mwaka 1963 inayoongoza British Museum inawabana wadhamini wake wasitoe vitu vilivyomo, isipokuwa kwa masharti machache sana. Lakini sheria hutungwa na watu, na hubadilishwa na watu. Kwa upande mwingine, tusijidanganye kwamba kizuizi kiko ng'ambo pekee. Vigango vya Wagiriama vinatufundisha. Nguzo hizo za kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu ziliibwa kwa wingi na kuuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, zikaishia katika majumba ya Marekani. Mwaka 2007 vigango viwili vilirejeshwa kwa familia iliyoibiwa, na ilikuwa furaha kubwa. Kisha makumbusho ya Denver yakaamua mwaka 2014 kurudisha vingine 30. Vilifika Kenya mwaka 2019! Miaka mitano ilipotea katika gharama na mashauriano, na hata vilipotua uwanja wa ndege vilikwama kwa ajili ya ushuru wa forodha. Mtu aliyeibiwa alitakiwa alipie kodi mali yake mwenyewe kama kwamba ameinunua.

Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalikuwa na maonyesho yaliyotokana na mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyoko nje. Orodha ilifikia vitu 32,501 katika taasisi 30 za Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Katika maonyesho hayo kulikuwa na makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani. Nimelifikiria sana kabati hilo tupu. Nadhani ndilo kabati pekee lililowahi kusema kweli juu ya Tana River.

Hata hivyo, nakiri kuwa shauku yangu ya kuirejesha ngadji ilipata kizingiti nilipoanza kujiuliza irejeshwe wapi. Hapa naomba msomaji anivumilie nirudi Uhispania. Tarehe 26 Aprili 1937, mji mdogo wa Gernika, katika nchi ya Wabaski, ulishambuliwa kwa mabomu na ndege za Ujerumani na Italia zilizomsaidia Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mchoraji Picasso akauchora msiba huo katika picha kubwa ambayo leo inajulikana duniani kote. Picha ilikaa New York kwa miongo kadhaa, ikarudi Uhispania mwaka 1981 baada ya udikteta kuanguka, na tangu mwaka 1992 iko Reina Sofía, Madrid. Imerudi nyumbani, sivyo? Waulize Wabaski. Bilbao ilipofungua jumba lake maarufu la Guggenheim mwaka 1997, waliomba picha hiyo waazimwe tu, wakajibiwa kwamba ni dhaifu, haiwezi kusafiri. Gernika yenyewe ina nakala ya vigae ukutani. Ndipo nilipoelewa kwamba kitu kinaweza kurudi nchini na kisifike kwao.

Ngadji ikirudi ikawekwa Nairobi, itakuwa imerudi nusu ya njia. Mtoto wa Ngao au Mnazini ataisoma gazetini. Sina ugomvi na Makumbusho ya Taifa, taasisi yenye mizizi tangu mwaka 1910 na ambayo imelinda mengi ambayo yangepotea. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyataja makumbusho waziwazi miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Jukumu hilo halikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Kaunti zetu zimelipokea neno "barabara" na neno "zahanati" kwa mikono miwili. Neno "makumbusho" zimelisoma haraka kama mtu anayeruka ukurasa.

Na endapo jumba litajengwa Hola, makao makuu ya kaunti, yataonyeshwa yapi humo? Hapa ndipo pagumu. Kaunti yetu si ya jamii moja. Wamo Wapokomo wenye mashamba ya mtoni. Wamo Waorma na Wawardei wenye ng'ombe. Wamo Wamalakote, Wamunyoyaya, Wasomali, Waswahili wa Kipini, Wabajuni, na wengine. Mwaka 2012, kati ya Agosti na Septemba, zaidi ya watu 100 waliuawa katika eneo la Tana Delta kwa mapigano baina ya wakulima na wafugaji. Katika hali kama hiyo kitu cha makumbusho si kitu tu. Ngoma inaweza kusomwa kuwa hati ya shamba. Fimbo ya mchungaji inaweza kusomwa kuwa hati ya malisho. Nimewasikia watu wenye busara wakisema ni heri pasiwe na makumbusho kabisa kuliko kuwa na makumbusho yatakayochochea swali la nani alitangulia.

Naheshimu hofu hiyo lakini siikubali. Swali la nani alitangulia linaulizwa kila siku kwenye mikutano ya siasa, bila ushahidi, kwa vipaza sauti. Heri liulizwe mbele ya vitu, kwa sauti ya chini, na mwalimu akiwa karibu. Tena vitu hivyo, vikitazamwa kwa makini, haviungi mkono upande wowote kama wanasiasa wanavyotaka. Kielwana, lugha ya Wamalakote wa sehemu ya juu ya mto, ni lugha ya Kibantu ya kundi la Kisabaki, ndugu wa Kiswahili, Kipokomo, Kimijikenda na Kikomoro, kama walivyoeleza Nurse na Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993. Lakini Kielwana hicho hicho kimeathiriwa mno na Kiorma, kwa sababu wasemaji wake wameishi na Waorma, wakauziana, wakaoana. Ni nani basi atakayekata lugha hiyo vipande viwili agawe urithi? Na sahani za kigeni zilizochimbuliwa katika magofu ya Ungwana, karibu na Kipini, ni mali ya jamii gani? Na kaburi la Kipini ambalo mapokeo hulinasibisha na Fumo Liyongo, shujaa ambaye sisi sote tumemfanyia mtihani, je, ni la Waswahili peke yao ilhali visa vyake vinasimuliwa na Wapokomo pia?

Hata sauti ya taifa zima imetoka humu. Muziki wa wimbo wa taifa la Kenya ulitokana na bembelezi ya Wapokomo, wimbo wa mama wa kumlaza mtoto, ulioteuliwa mwaka 1963 nchi ilipojiandaa kwa uhuru. Wakenya wote husimama wima kwa ajili ya wimbo wa kulaza. Hola nayo, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa wakafa katika kambi ya kizuizini, jambo lililotikisa bunge la Uingereza. Kaunti yenye mambo haya haiwezi kuambiwa haina cha kuonyesha.

Lakini nimejiacha nikachukuliwa na mambo makubwa, nami nilikusudia kuzungumza juu ya Bangale.

Siku moja, katika makumbusho ambayo sitayataja, niliona ndani ya kabati chombo cha maziwa. Ni kile chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mizizi hadi kikashika maji, chenye mfuniko na mikanda ya ngozi ya kubebea. Nilikitambua kama nimtambuavyo jirani. Karatasi iliyobandikwa chini yake ilisema, kwa Kiingereza tu, kwamba ni chombo cha maziwa kutoka kaskazini mwa Kenya. Hapakuwa na jina la chombo katika lugha yoyote ya wanaokitumia. Hapakuwa na jina la msusi, wala la mji, wala la jamii. Wala haikusemwa kwamba aliyekisuka ni mwanamke, na kwamba kazi hiyo ni ya majuma mengi. Nilikitazama nikahisi aibu ambayo sikujua ni yangu au ya nani.

Jioni nilimpigia simu nyanya yangu Bangale nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Hukifukiza?" Nikamwambia sijui nyanya, sidhani. "Basi kimekufa," akasema. Chombo hicho, kwa wasiokijua, husafishwa kwa moshi wa vijiti vya miti maalumu. Moshi ndio unaozuia maziwa yasiharibike upesi, na ndio unaoyapa ladha ambayo aliyelelewa nayo haisahau. Kikiachwa bila maziwa na bila moshi hukauka, kikapasuka. Nilikuwa nimekwenda kulalamika kuhusu karatasi, naye akaniambia habari ya kifo.

Tangu siku hiyo nimebadili mawazo yangu kuhusu makumbusho. Nilikuwa miongoni mwa wanaotaka jumba kubwa. Viongozi wetu wanapozungumza juu ya utamaduni huwa wanawaza Bilbao: jengo la ajabu, wageni kwa malaki, hoteli zikajaa. Bilbao ulikuwa mji wa viwanda vya chuma na meli vilivyodorora, wenye reli, bandari na benki. Bangale haina hayo, na anayeteka maji kwa mtungi wa plastiki ana haki ya kuuliza jumba la vioo litamfaa nini, hususan baada ya ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ulioteketeza mifugo yetu. Sina jibu la kumridhisha mtu mwenye kiu. Ninachosema ni kwamba ukame huo huo ndio unaoua vyombo. Ng'ombe wakifa, maziwa yanakoma. Maziwa yakikoma, chombo hakifukizwi. Na familia inapopata mifugo tena huwa imekwisha kuzoea mtungi wa plastiki. Jina la chombo linakwenda na chombo, na majina ya miti ya kufukizia yanafuata. Msamiati wa ukoo mzima hutoweka katika misimu mitatu bila mtu kuuandikia tanzia.

Hili sasa ni jambo letu sisi wa Kiswahili, na hapa nawageukia wenzangu na wahadhiri wetu kwa heshima. Tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kinakosa istilahi, tukakesha tukibuni maneno ya tarakilishi. Neno "makumbusho" lenyewe ni zuri ajabu. Wazungu walilitoa jina la jumba hilo kwa miungu wa kike wa Kigiriki. Sisi tulilitoa katika kitenzi cha kawaida, kumbuka, tukakitia unyambuzi wa kutendesha. Kwetu makumbusho ni yenye kumfanya mtu akumbuke. Lakini ili mtu akumbushwe, sharti maneno ya kumkumbushia yawe katika lugha anayoielewa. Karatasi ya Kiingereza chini ya chombo cha nyanya yangu haimkumbushi yeye chochote, inamwarifu mgeni. Katiba, katika Ibara ya 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi, na ikaitaka Dola ilinde lugha nyingine za wananchi. Kwa hiyo pendekezo langu si gumu. Kila kitu kiandikwe kwa lugha ya waliokitengeneza kwanza, kisha Kiswahili, kisha lugha nyingine yoyote atakayo mwenye jumba.

Kazi ya kuyakusanya majina hayo haihitaji jengo, na haihitaji kumngoja gavana. Inahitaji wanafunzi wenye daftari. Kila mwaka idara zetu hutoa tasnifu kumi juu ya riwaya zile zile tatu. Sizidharau riwaya hizo. Lakini ni nani ameandika tasnifu juu ya msamiati wa uhunzi, ususi na ufukizaji katika soko moja ambamo Kiorma, Kisomali na Kiswahili hukutana? Mwanafunzi wa namna hiyo angefika Bangale kwa basi kwa siku moja.

Na ngadji? Naendelea kuamini kwamba irudi, na kwamba irudi Tana, si Nairobi. Ila sikubaliani na wanaowaza kuiweka ndani ya kioo. Ngoma hiyo haikuumbwa ili itazamwe na kila mpita njia. Kuitundika Hola mbele ya wanafunzi wenye soda ni kuendeleza kosa lile lile la mwaka 1902 kwa mikono yetu. Irudishwe kwa wazee wake, nao waifiche watakapo. Katika jumba la kaunti pawe na mahali pake patupu, na maelezo ya Kipokomo na Kiswahili yaseme kwamba ngoma iko kwao, nawe huruhusiwi kuiona. Huo kwangu ungekuwa utupu wa namna nyingine kabisa na ule wa Nairobi mwaka 2021.

Kuhusu chombo, nimefanya nilichoweza. Nilimwomba nyanya aniazime kimoja kati ya viwili vilivyobaki jikoni kwake, tukiweke katika maonyesho madogo ya chama chetu, pamoja na majina ya sehemu zake zote ambayo niliyaandika kwa kinywa chake. Alikubali, kwa masharti mawili. La kwanza, jina lake liandikwe. La pili, kila mwezi nikirudishe Bangale kwa basi ili akifukize.